PEPFAR kama huduma: dawa nzuri, dhamana mbovu

Mjadala wa taifa kubwa lifanye nini duniani huishia mara nyingi kwenye manowari, vikwazo na kura za turufu za Baraza la Usalama. Hapa tunauchukua kwa upande unaoshikika mkononi: kopo la vidonge 90 linalotolewa dirishani kwenye kliniki ya tiba na matunzo, CTC kama inavyoitwa Tanzania, au CCC kwa Wakenya. Nyuma ya kopo hilo upo Mpango wa Dharura wa Rais wa Marekani wa Kukabiliana na UKIMWI, PEPFAR. George W. Bush aliutangaza tarehe 28 Januari 2003 akiomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuingizwa. Kufikia Septemba 2024 watu wapatao milioni 20.6 duniani walikuwa wakipata tiba kwa msaada wake, na hesabu ya Marekani yenyewe ni kwamba umeokoa maisha ya watu zaidi ya milioni 25.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: dawa na viwango vya ubora tunavipa alama za juu kabisa. Maabara na ufuatiliaji, nzuri. Mfumo wa kulipa watumishi una kasoro ya tangu msingi. Dhamana, yaani nini kinatokea mwenye mali akibadili nia, ni mbovu, na mwaka 2025 ulionyesha ubovu huo ulivyo.

Kidonge chenyewe

Dawa inayotumiwa na wengi sasa ni TLD: tenofovir mg 300, lamivudine mg 300 na dolutegravir mg 50 ndani ya kidonge kimoja. Kinamezwa mara moja kwa siku, chakula kiwepo kisiwepo. Aliyeanza tiba zamani anaelewa tofauti. Stavudine ya miaka ile ilimaliza mafuta ya mashavu na kuleta ganzi miguuni, hata majirani wakamtambua mgonjwa kwa sura. Efavirenz iliyofuata ilileta kizunguzungu na ndoto mbaya, ndiyo maana watu waliimeza wakati wa kulala. Dolutegravir inafubaza virusi haraka, na virusi hupata shida kujijengea usugu dhidi yake.

Haikosi masharti. Mwenye kifua kikuu anayetumia rifampicin anahitaji mg 50 nyingine za dolutegravir saa 12 baada ya ile ya kwanza, kwa sababu rifampicin hulifanya ini kuivunja dolutegravir upesi. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini huishika dawa tumboni isifyonzwe, hivyo TLD imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu vya wajawazito vina tatizo hilohilo, ila vikimezwa pamoja na TLD wakati wa chakula hakuna shida. Mwenye kisukari anayetumia metformin lazima dozi yake iangaliwe upya. Baadhi ya watu huongezeka uzito, wengine hukosa usingizi, na hawa wa mwisho hushauriwa kuimeza asubuhi. Kosa la kawaida vituoni ni mteja kupewa TLD na vidonge vya madini ya chuma siku moja, dirisha moja, bila neno lolote kuhusu namna ya kuvimeza.

Sasa bei, ambako ndiko hoja yetu yote ilipo. Mwaka 2000 dawa za mtu mmoja kwa mwaka zilizidi dola 10,000. Februari 2001 kiwanda cha Cipla cha India kilisema kinaweza kuziuza kwa dola 350. PEPFAR ilipoanza ilikataa dawa hizo za India kwa sababu hazikuwa na kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, na fedha nyingi za mwanzo zikaishia kwenye dawa za makampuni makubwa kwa bei kubwa. Walalamikaji walisema huo ni msaada unaozunguka na kurudi kwa mtoaji, na hawakukosea sana. Mei 2004 Marekani ikafungua njia ya haraka: FDA ikague viwanda vya dawa zisizo za chapa na kutoa kibali cha muda hata kama hataza (haki ya pekee ya mgunduzi) ya dawa hiyo bado hai ndani ya Marekani. Januari 2005 kibali cha kwanza kilitoka, kwa kampuni ya Aspen ya Afrika Kusini. Miaka michache baadaye karibu dawa zote zilizonunuliwa na mpango huu zilikuwa za aina hiyo.

Waziri wa afya wa nchi ndogo hana wakaguzi wa kutuma kwenye viwanda vya dawa vya Hyderabad, India, wala hawezi kumwahidi mwenye kiwanda kwamba atanunua makopo mamilioni kwa miaka mitatu mfululizo. Marekani ilifanya yote mawili. Septemba 2017, yenyewe pamoja na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, taasisi ya Gates, serikali za Afrika Kusini na Kenya na wengineo, waliafikiana bei ya TLD iwe takriban dola 75 kwa mtu kwa mwaka. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza bei ya chini ya dola 45. Taifa kubwa kutumia ukubwa wake kuvunja bei na kusimamia ubora, kisha hata nchi maskini zisizopewa msaada zikanunua kwa bei hiyohiyo: hiyo ndiyo kazi tunayoitetea, na hatujaona mwingine aliyeifanya kwa kiwango hiki.

Kinachozunguka kidonge

Tuseme kituo kina wateja 1,200. Kwa kidonge kimoja kwa siku, kinahitaji takriban makopo 4,870 ya vidonge 90 kwa mwaka, kama 400 kila mwezi. Kwa bei ya dola 45 hiyo ni dola 54,000 kwa mwaka mzima. Si fedha ndogo kwa halmashauri, lakini si mlima. Tanzania, kwa utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, ilikuwa na watu wazima wapatao milioni 1.55 wanaoishi na VVU. Hata wote wangetibiwa, vidonge vyao kwa bei hiyo ni kama dola milioni 70 kwa mwaka. Serikali ikiamua, hilo inaliweza.

Gharama nzito iko pembeni ya kopo. Mteja mpya anapimwa wingi wa virusi baada ya miezi sita ya tiba, tena kwenye miezi kumi na miwili, kisha kila mwaka. Damu hiyo inatakiwa kuzungushwa kwenye mashine na utegili (majimaji ya damu) kutenganishwa ndani ya saa 24, ikae kwenye baridi, ipelekwe maabara ya mkoa au ya kanda. Kati ya kituo na maabara kuna kijana wa pikipiki na boksi la barafu. Asipofika siku yake, sampuli inaharibika, mteja anaitwa upya kutoa damu, na akija safari ya tatu bila majibu hawezi kulaumiwa akichoka. Vitendanishi vya mashine vina tarehe ya mwisho wa matumizi, na mkataba wa matengenezo ya mashine mara nyingi ulikuwa umesainiwa na mfadhili. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anatakiwa kupimwa akiwa na wiki sita. Hapo kuna karatasi ya matone ya damu, ambayo kwa bahati njema haihitaji barafu.

Halafu kuna kitabu. PEPFAR inahesabu kila kitu, na kanuni yake maarufu ni siku 28: mteja akipitisha siku 28 tangu tarehe aliyopaswa kuchukua dawa, anatolewa kwenye hesabu ya walio kwenye tiba na kuingia kwenye orodha ya watoro. Kanuni hiyo imefanya kazi kubwa, kwa sababu kituo kinachoona orodha yake ya watoro kila Jumatatu kinawapigia simu. Anayepiga simu, au anayekwenda hadi mlangoni kwa mteja, ni WAVIU mshauri: mtu anayeishi na VVU mwenyewe, anayejua namna ya kubisha hodi bila mtaa mzima kujua kilichomleta. Katika huduma nzima hii, mtu huyu ndiye kiungo chenye thamani kubwa kwa gharama ndogo. Ndiye pia mwenye mkataba dhaifu kuliko wote.

Kasoro ya usanifu iko hapohapo. Mwingiza takwimu, WAVIU mshauri, kijana wa pikipiki, mara nyingi muuguzi wa ziada na wakati mwingine hata daktari wa kliniki, hawakuajiriwa na halmashauri wala kaunti. Walilipwa na shirika tekelezi lililopewa ruzuku na USAID, shirika la misaada la Marekani, au na CDC, kituo chake cha kudhibiti magonjwa. Kwa dunia nzima PEPFAR ilikuwa inagharamia watumishi wa afya zaidi ya 340,000. Vitabu vikawa viwili: MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za afya wa wizara, na mfumo wa taarifa za mfadhili ambao ulijazwa kwanza kwa sababu ndio uliobeba mishahara. Chumba kimoja cha hospitali kikawa na kiyoyozi na kompyuta, cha jirani kikiwa na mwanya mlangoni. Mpango uliitwa wa dharura, na dharura haijengi ajira za kudumu. Dharura ya miaka 22 ni nini basi?

Januari 2025: ilivyoharibika, na kwa mpangilio gani

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90. Tarehe 24 wizara ya mambo ya nje ikatuma agizo la kusimamisha kazi, na mashirika yakaacha siku hiyohiyo. Tarehe 28 ukatangazwa msamaha kwa huduma za kuokoa maisha. Februari 1 ukafafanuliwa kwamba tiba, upimaji na kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto vinaruhusiwa, ila dawa kinga za PrEP ni kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kwenye karatasi, tatizo lilidumu wiki moja. Vituoni haikuwa hivyo, kwa sababu mfumo wa malipo wa USAID ulikuwa umekwama na watu wa kuuendesha walikuwa wameondolewa. Ruhusa ilikuwepo, fedha haikuwepo. Machi 10 waziri wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na Julai 1 shirika hilo likafunga shughuli zake.

Wengi walidhani dawa ndizo zingekatika kwanza. Kwa jumla haikuwa hivyo. Makopo yalikuwa tayari stoo. Waliotoweka kwanza ni watu wa mikataba: waingiza takwimu na WAVIU washauri. Orodha ya watoro ikaacha kuchapishwa wakati huohuo watoro wakiongezeka. Sampuli zikafuata, kwa kukosa mafuta ya pikipiki. Vituo rafiki vilivyohudumia wanaouza ngono na wanaojidunga dawa za kulevya vikafungwa, na wengi wa wateja hao hawako tayari kwenda kupanga foleni ya kawaida hospitalini. Dawa kinga zikasimama. Dawa za tiba ndizo zilizokuja mwishoni, na hata hapo tatizo halikuwa uhaba wenyewe: Nairobi, shehena ya dawa na vifaa vya takriban dola milioni 34, pamoja na makopo zaidi ya milioni mbili ya ARV, ilikwama ghalani kwa sababu mkataba wa kuisambaza ulikuwa umesimamishwa. Dawa ipo, mgonjwa yupo, na kilomita za katikati hazina mwenyewe.

Kitabibu, hatari yake inaelezeka kwa maneno machache. Aliyefubaza virusi akiacha dawa, virusi hurudi kuonekana kwenye damu kwa kawaida ndani ya wiki chache, na uwezo wa kuambukiza hurudi navyo. Mama anayenyonyesha hana nafasi ya kusubiri siku 90 za tathmini.

Masharti ya kisiasa si mapya kwenye huduma hii. Sheria ya 2003 ilitaka asilimia 33 ya fedha za kinga ziende kwenye mahubiri ya kuacha ngono hadi ndoa, sharti lililolegezwa 2008 baada ya kuonekana kwamba linakula bajeti ya kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto. Liliwekwa pia sharti la mashirika kutangaza kupinga ukahaba. Mahakama ya Juu ya Marekani ililiondoa mwaka 2013, kwa mashirika ya Kimarekani. La Kitanzania au la Kenya lilibaki nalo. Huo ni mfano mzuri wa namna mteja wa daraja la pili anavyosoma mkataba uleule.

Lawama lakini haziendi Washington peke yake. Aprili 2001 wakuu wa Afrika walikutana Abuja na kuahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na ni nchi chache mno zilizofika. Fedha za mfadhili zilipoingia, hazina nyingi zilihamishia zao kwingine. Zimbabwe, ambayo wengi wetu hatuitazami kama mwalimu wa uchumi, imekuwa na tozo ya UKIMWI ya asilimia 3 juu ya kodi ya mapato tangu kuanza kwa karne hii, na hununua sehemu ya dawa zake kwa fedha hiyo. Wanaosema Marekani ijitoe kabisa ili serikali zetu ziamke wana nusu ya hoja. Nusu inayokosekana ni kwamba anayelipia somo hilo si serikali.

Toleo jipya, na vya kuangalia kabla ya kusaini

Septemba 2025 Marekani ilitoa mkakati mpya wa afya duniani. Unaahidi kuendelea kugharamia asilimia 100 ya dawa, vipimo na watumishi wa mstari wa mbele kwa mwaka wa fedha 2026, kisha mzigo uhamie kwa nchi husika kwa makubaliano ya miaka kadhaa kati ya serikali na serikali. Kenya ilikuwa ya kwanza kusaini, Desemba 4, 2025, Washington: hadi dola bilioni 1.6 za Marekani kwa miaka mitano, nayo Kenya iongeze dola milioni 850 za kwake. Rwanda na Uganda zikafuata mwezi huohuo. Siku chache baada ya Kenya kusaini, Mahakama Kuu ya Nairobi ilisimamisha sehemu inayohusu kupeleka taarifa za afya nje ya nchi, kusubiri kesi.

Kwa usanifu, toleo hili ni bora kuliko la zamani. Fedha kupita serikalini na watumishi kuingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali ni jambo lililopaswa kufanywa mwaka 2010. Wasiwasi wetu ni kasi, na maandishi madogo. Kifungu cha kwanza cha kutafuta ni cha notisi: mtoaji akitaka kusitisha, atoe miezi mingapi? Ukizingatia kwamba kuagiza dawa hadi zifike bandarini Dar es Salaam au Mombasa huchukua miezi mingi, notisi ya chini ya mwaka haina maana. Pili, dawa zikishashuka melini ni mali ya nani? Zikiwa bado mali ya mfadhili hadi zifike kituoni, kisa cha ghala la Nairobi kinaweza kujirudia. Ziwe mali ya nchi bandarini, na wakala wa serikali wa kusambaza dawa, Bohari ya Dawa kwa Tanzania au KEMSA kwa Kenya, awe na bajeti yake ya malori. Tatu, mishahara: shirika lilimlipa muuguzi kwa viwango vyake, halmashauri ina vyake, na bila kipindi cha kuvisogeza vikaribiane, wazuri wataondoka. WAVIU washauri hawamo kabisa kwenye muundo wa utumishi wa umma, na asipotungiwa cheo anapotea kimyakimya wakati wa makabidhiano.

Takwimu zinahitaji umakini zaidi. Jumla ya kituo, yaani wangapi wako kwenye tiba na wangapi wamefubaza, mfadhili ana haki ya kuijua, maana ndiyo risiti yake. Rekodi ya mtu mmoja mmoja ni jambo jingine, na hata ikifutwa jina, umri, jinsia, kituo na tarehe ya kuanza dawa vikikaa pamoja kwenye kijiji kidogo vinamtaja mtu. Seva iwe nchini, funguo ziwe za wizara, na sampuli za damu zisisafirishwe kwa kifungu cha jumla bali kwa ruhusa ya utafiti mahususi.

Je, pana mbadala? Mfuko wa Dunia, ulioanza 2002, hutoa maamuzi kupitia bodi yenye nchi nyingi, kwa hiyo si rahisi mtu mmoja kuuzima kwa saini ya siku moja. Ila Marekani ndiyo huchangia karibu theluthi ya fedha zake, hivyo anayekimbilia huko hajakimbia mbali. Tungeshauri nchi igawe: vidonge vya tiba inunue yenyewe taratibu, kwa kuwa bei sasa inaruhusu, na fedha ya mtoaji ibaki kwenye vile ambavyo bado ni ghali au vipya.

Kipya chenyewe kimeshafika. Lenacapavir ni sindano ya kinga inayochomwa mara moja kila miezi sita. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo hawakupata hata ambukizo moja. FDA iliipitisha Juni 2025, na bei yake Marekani ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Kwa nchi 120 zilizomo kwenye leseni inayoruhusu viwanda vingine kuitengeneza, viwanda vya India vimetangaza takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027, na hadi hapo Marekani na Mfuko wa Dunia wameahidi dozi za kufikia watu milioni mbili. Marekani imeweka mbele wajawazito na wanaonyonyesha. Kundi hilo linastahili, lakini wasichana wasio na mimba na wanaouza ngono wakiachwa nyuma, sindano haitafika pale maambukizi mapya yanapozaliwa. Nchi inayopanga mgao wake wa 2026 iandike mapema nani atagharamia makundi hayo, na imwekee kila aliyechomwa tarehe ya sindano ya pili yenye chanzo cha fedha kinachojulikana. Dawa hii huisha mwilini polepole kwa miezi mingi, na mtu akiambukizwa katika kipindi hicho ambapo imebaki kidogo, virusi hupata nafasi ya kujenga usugu.